Hesabu inayotoka Mpofi irudi Mpofi

Wandugu wa Masisi na wa Walikale, wamama na wababa, vijana wenzetu, na ninyi viongozi wetu wa karibu na wa mbali,

Mara nyingi tunawaandikia juu ya risasi. Leo tunawaandikia juu ya karatasi.

Kila mwisho wa mwezi, kwenye vituo vya afya vya barabara yetu, munganga titulere anakaa na rejista zake. Anahesabu watoto waliokutwa na malaria, wamama waliozalia kituoni, watoto waliochanjwa surua, watu waliokufa, dawa iliyokosekana na siku ambazo ilikosekana. Mara nyingi anaifanya hiyo kazi usiku na tochi ya telefone, juu mchana wagonjwa wamejaa. Halafu karatasi inatoka. Inapanda pikipiki ama inaenda na miguu, inavuka tope na mabariere, hadi biro kuu ya zoni ya afya. Pale inaingizwa kwenye ordinatere, ndani ya programu ya DHIS2 ambayo nchi yetu inatumia kukusanya hesabu za afya. Kutoka zoni inapanda jimbo, na kutoka jimbo inapanda Kinshasa. Kule inaunganishwa na hesabu za zoni zingine zote za nchi, ambazo zinapita 500. Kivu ya Kaskazini peke yake iko na zoni 34.

Swali letu la leo ni fupi: kisha pale, inarudi lini?

Sisi vijana wa hii barabara, kutoka Masisi, Nyabiondo, Kashebere na Kibua hadi Mpofi, tunaona hesabu ikitoka kila mwezi. Uamuzi wenye kufuata ile hesabu, tunauona mara chache sana. Munganga ameandika kama dawa ya malaria ilikosekana siku kumi. Nani alisoma? Alifanya nini? Kama hakuweza kufanya kitu, nani alikuja kumwambia mama aliyerudi nyumbani na mtoto mwenye homa kwamba haikuwezekana, na juu ya nini? Hatuulizi haya ili tuwachokoze wanganga wa vituo. Wao njo wa kwanza kuchoka na hii hali. Wanaandika, wanatuma, na mwezi unaofuata wanaandika tena kilekile.

Tunasema hivi: kiongozi yeyote anayeamua juu ya afya yetu, awe wa serikali, wa shirika ama wa zoni, atuonyeshe ni hesabu gani alifuata. Na kama hakufuata hesabu yoyote, aseme pia, ili tujue.

Tunahesabiwa kwa mwaka ambao hatukuzaliwa bado

Ili kiongozi aamue vizuri, anahitaji hesabu mbili. Ya kwanza inamwambia wagonjwa ni wangapi, wafu ni wangapi, waliochanjwa ni wangapi. Ya pili inamwambia kati ya watu wangapi. Ile ya pili ndiyo ugonjwa wetu mkubwa.

Nchi yetu ilihesabu watu wake wote kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Ilikuta watu karibu milioni 30. Mwaka ule hata jimbo la Kivu ya Kaskazini halikukuwako bado: lilizaliwa 1988, wakati Kivu ya zamani iligawanywa ikatoa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Wengi wetu tunaoandika hapa hatukuwa tumezaliwa. Tangu pale ilipita vita ya 1993 iliyoanzia soko la Ntoto, hapahapa Walikale. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda. Ikafuata vita ya 1996, ya 1998, na zingine zote ambazo hatuhitaji mtu atuhadithie. Kuna vijiji vilivyohama, vilivyokufa, na vingine vilivyozaliwa kando ya barabara. Kuhesabu nchi upya kumeahidiwa mara nyingi. Sasa hivi wanakadiria kama tumepita milioni 100, lakini hayo ni makadirio.

Basi zoni za afya zinapanga namna gani? Mara nyingi zinachukua hesabu ya zamani na kuongeza karibu watu 3 kwa kila 100, mwaka kwa mwaka, sawa vile mtu anayerefusha kamba kwa kufunga vipande. Kuko pahali wareko wamepita nyumba kwa nyumba na kuhesabu wenyewe, na ile hesabu ni bora zaidi. Lakini ikipingana na ile ya juu, si kila mara inasikilizwa.

Tuchukue mfano. Si hesabu ya kijiji fulani, ni mfano wa kuelewa tu. Eneo moja la afya limeandikwa watu 8,000. Kwa kanuni ya kupanga, wamama wenye mimba wanakadiriwa 4 kwa kila watu 100. Ni wamama 320 kwa mwaka, karibu 27 kwa mwezi. Vifaa vya kuzalisha vinapangwa kwa hao 27. Vita inapiga upande wa pili wa mlima, na watu 6,000 wanakimbilia kwenye lile eneo. Sasa wako 14,000, na wamama wa kuzaa wanakaribia 47 kwa mwezi. Kwa karatasi wangali 27. Munganga anazalisha 40, na ordinatere inaandika kama amefikisha 148 kwa 100. Mtu wa mbali akiangalia anafurahi: lile eneo linafanya kazi vizuri sana! Lakini kwenye kituo chenyewe, mama wa thelathini anaambiwa aje na glavu na wembe wake mwenyewe.

Na kule walikotoka? Kituo kimebaki na watu 2,000 na kinahukumiwa kwa 8,000. Munganga wa kule anaitwa mvivu, kwamba hachanji watoto, wakati watoto wenyewe wameondoka migongoni mwa mama zao. Mmoja anasifiwa, mwingine analaumiwa, na wote wawili wanaonewa. Njo maana tunasema kama wakimbizi wa ndani, wadeplase wetu, wanapaswa kuhesabiwa kwenye kila eneo la afya pale walipofika, na si kwenye kambi peke yake. Hapa kwetu wengi hawaingii kambini. Wanaingia kwa jamaa, wanalala kwenye darasa la shule ama kanisani. Familia inayokula mara moja kwa siku inapokea familia ingine, na kwa karatasi hakuna kilichobadilika.

Pahali walitaka kuhesabu, walihesabu

Wengine watatujibu: "Vijana, hii ni vita, kwa vita hakuna kuhesabu." Hatukubali. Tuliona kwa macho kama inawezekana.

Tarehe 01/08/2018 Ebola ilitangazwa Mangina, upande wa Beni. Ilidumu hadi 25/06/2020. Kulikuwa ADF, kulikuwa Mai-Mai, vituo vya matibabu vilichomwa, wanganga waliuawa. Na bado kila siku hesabu ilitoka: wagonjwa wapya wangapi, katika zoni gani ya afya, waliopona wangapi. Watu waliomgusa mgonjwa walikuwa wanatafutwa na kufuatwa siku 21. Mwisho wake tulijua: wagonjwa 3,470, na waliokufa 2,287.

Wakati uleule surua ilikuwa inapita nchi nzima. Kufikia mwezi wa kwanza 2020, tangu mwanzo wa 2019, wagonjwa waliodhaniwa walikuwa karibu 310,000, na waliokufa walikuwa zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Surua imekuwa na chanjo tangu miaka ya 1960. Iliua zaidi ya Ebola, na haikupata hata nusu ya magari, ya makuta na ya mikutano ya wakubwa ambayo Ebola ilipata.

Hatusemi kama Ebola haikustahili. Ndugu zetu wa Beni na Butembo walistahili kila kilichofanywa, na zaidi. Tunasema kwamba makuta yakiwako na wakubwa wakiogopa, hesabu inapatikana kila siku, hata chini ya risasi. Na kama uamuzi ungefuata hesabu ya wafu peke yake, surua ingeonekana mapema. Ilionekana kidogo juu ilikuwa inaua watoto wa watu wasio na sauti, kidogo kidogo, kijiji kwa kijiji, na haikutisha mtu wa nje ya mipaka.

Siku nne za mwaka 2010

Kuna jambo tunalotaka kulikumbusha kwa heshima, kwa sababu jina la Mpofi limeandikwa ndani yake na haliwezi kufutika.

Kuanzia 30/07 hadi 02/08/2010, mseto wa wapiganaji wa FDLR, wa Mai-Mai Sheka na wa Kanali Emmanuel waliingia vijiji 13 vya barabara ya Kibua hadi Mpofi. Luvungi iliteswa kupita zingine. Askari wa MONUSCO walikuwa na kituo Kibua. Ile siku ya kwanza, 30/07, barua ya ndani ya Umoja wa Mataifa ilifika kwa wafanyakazi wa misaada: Mpofi imeanguka mikononi mwa waasi, mwanamke amebakwa pale, msipite. Wakubwa wa MONUSCO walisema baadaye kwamba walijua ukubwa wa mambo tarehe 12/08, walipoambiwa na shirika la wanganga la International Medical Corps. Mwezi wa tisa wa mwaka ule Atul Khare, mmoja wa wakubwa wa operesheni za amani za Umoja wa Mataifa, alikubali mbele ya Baraza la Usalama kama walichofanya hakikutosha.

Tuirudie ile barua. Ilikuwa na jina la pahali, na tarehe, na tendo lenyewe. Habari ilikuwako. Ilitumiwa kulinda wasafiri, na watu wa vijiji wakabaki.

Kila munganga anajua kama mtu aliyebakwa anapaswa kupata dawa za kuzuia virusi vya ukimwi kabla ya saa 72 kupita. Kwa wale walioteswa usiku wa kwanza, saa 72 zilikuwa zinaisha wakati waasi wanaondoka. Kwa hiyo hatuongei hapa juu ya takwimu za kupamba rapore. Hesabu ikichelewa siku tatu, dawa haisaidii tena, hata ikija na ndege.

Rapore ya kwanza ya Umoja wa Mataifa, ya mwezi wa tisa 2010, ilihesabu waliobakwa 303. Ile ya mwisho, ya mwezi wa saba 2011, ilifikisha 387: wanawake 300, wanaume 23, wasichana 55 na wavulana 9. Hao 84 walioongezeka walikuwa waathirika tangu siku ya kwanza. Walihitaji muda, na walihitaji mtu wa kuwasikiliza bila kuwahukumu. Kiongozi anayeuliza mara moja tu, halafu anafunga rejista, hawezi kuwaona watu kama hao.

Miaka ilipita. Ntabo Ntaberi Sheka alijitoa 2017. Kesi yake ilianza Goma mwezi wa kumi na moja 2018, na waathirika 178 wakakubali kutoa ushuhuda. Tarehe 23/11/2020 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha maisha. Tunawapa heshima wale mama, wale wasichana na wale wanaume waliosimama mbele ya majaji. Bila wao kukubali kuhesabiwa na kusikilizwa, ile hukumu isingetoka.

Hesabu ni ya wote, jina ni la mwenyewe

Hapo tunafika kwa jambo ambalo linatutisha sisi wenyewe. Kwa nchi kama yetu, karatasi inaweza kuua. Daftari yenye majina ya wanawake waliobakwa, ikianguka mikononi mwa mtu mbaya, ni hatari kwa kila jina lililomo. Vilevile orodha ya wakimbizi inayosema kila mmoja ametoka kijiji gani na ni wa kabila gani. Tumeona watu wakikataa kuandikishwa, na wana sababu.

Kwa hiyo tutenganishe vitu viwili. Hesabu ni ya wote: kituo kimepokea waathirika wangapi mwezi huu, wangapi walifika kabla ya saa 72, dawa zilikuwako ama hazikukuwako. Hiyo inapaswa kujulikana hadi kwa liwali na kwa waziri. Jina ni la mwenyewe. Linabaki kwa munganga, ndani ya sanduku lenye kufuli, na halitoki hata kama mkubwa ameomba, hata kama mfadhili ametaka picha. Shirika ambalo haliwezi kulinda majina, lisikusanye majina.

Tukiri na makosa yetu

Hatutaki kuonyesha kidole wengine peke yao.

Sisi vijana tumeandika matangazo mengi tukisema "mamia ya watu", "maelfu ya watu", bila kwenda kuhesabu. Tulifikiri hesabu kubwa itasikika haraka. Lakini mtu akikukamata mara moja kwa hesabu ya uongo, siku utasema ukweli hatakusikiliza, na atakayelipa si wewe, ni wale uliowasemea.

Kwenye vijiji vyetu vilevile, mara shirika linapofika kuandika wahitaji, nyumba moja inakuwa nne. Mtoto anaandikwa kwa baba, anaandikwa tena kwa shangazi. Kuko wakubwa wa kijiji wanaouza nafasi kwenye orodha. Tunaelewa njaa inayosukuma watu, hatuwacheki. Lakini mjane asiye na jamaa kwenye komite ndiye anayekosa. Ile hesabu tuliyoivimbisha inamtoa yeye.

Ubaya wa hesabu mbovu unafika hata kwa wafu. Mwezi wa kwanza 2008, shirika la International Rescue Committee lilisema watu milioni 5.4 walikufa kwa sababu ya vita ya Kongo kati ya 1998 na 2007. Wengi hawakupigwa risasi. Walikufa na malaria, kuhara, nimonia na njaa, juu dawa na mashamba vilikuwa vimekatika. Miaka miwili baadaye watafiti wa Canada wakasema ile hesabu imezidi, kwa sababu msingi wake, yaani vifo vya kawaida kabla ya vita, ulichaguliwa chini mno. Hatuingii kwenye mabishano yao. Tunaona tu uchungu wake: babu zetu na dada zetu wamezikwa, na mpaka leo wataalamu wanabishana kama wamo ao hawamo, kwa kuwa hakukuwa na mtu aliyewaandika siku walipokufa.

Hakuna atakayekuja kutuhesabia

Mwezi wa tatu 2025 vita ilishuka hadi Walikale-centre, na mwezi wa nne M23 ikatoka pale. Wengine waliotoka kambi za Goma mwezi wa pili wa mwaka ule walirudi kwenye vijiji ambavyo havikuwa tena na milango. Wakati uleule Marekani ilikata misaada yake. Pamoja na dawa na chakula, ilisimamisha na ule mpango wa uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, DHS, uliosaidia nchi yetu kujua hali ya wamama na watoto mwaka 2007, 2013-2014 na 2023-2024.

Tujifunze kitu. Kama macho ya kutuona ni ya mtu mwingine, siku akiyafunga tunakuwa vipofu juu yetu sisi wenyewe. Wafadhili wasaidie, tunashukuru. Lakini kujua watoto wangapi wamezaliwa Mpofi mwezi huu, ni kazi ambayo haihitaji ndege. Inahitaji daftari, kalamu, mtu mwaminifu, na kiongozi wa kusoma.

Tunachoomba na tunachodai

Kwa wizara ya afya na kwa wakubwa wa afya wa jimbo:

1. Hesabu ya watu wa kila eneo la afya la Masisi na Walikale isahihishwe kila miezi mitatu, kwa kuongeza waliofika na kutoa walioondoka, kufuatana na hesabu ya wareko na ya machefu wa vijiji. Dawa na chanjo zifuate ile hesabu mpya.

2. Wareko wapewe haki yao. Mtu anayepita nyumba kwa nyumba chini ya mvua, tunamwita mtu wa kujitolea na kumpa fulana kama mshahara. Hesabu nzuri ina bei yake, na bei yake ni ndogo kuliko ya mkutano mmoja wa hoteli.

Kwa madaktari wakuu wa zoni:

3. Kila kituo kiweke ubao nje, kwenye ukuta ambao kila mtu anapita. Uandikwe hesabu tano tu za mwezi uliopita: waliozaliwa, waliokufa, watoto waliochanjwa, waliougua malaria, na siku ambazo dawa zilikosekana. Bila jina la mtu. Chini yake uandikwe uamuzi mmoja ambao zoni imechukua. Kama hakuna uamuzi, iandikwe: "Hakuna."

4. Komite ya afya ya eneo, Codesa, isiitwe tu wakati wa kupokea wageni. Isomewe hesabu kila mwezi, kwa lugha ambayo mama wa shamba anaielewa, na iwe na haki ya kuuliza.

Kwa mashirika:

5. Mkija kuhesabu, mrudi kutuambia mlichokuta. Tumejibu maswali ya watu mingi sana wenye tablete, na majibu yetu yamesafiri kuliko sisi. Na mkiamua kufunga mradi, mtuonyeshe hesabu iliyowaambia kama kazi imeisha.

Kwa wote wenye kushika silaha na wanaotawala popote kwenye hii barabara:

6. Rejista ya kituo cha afya si mali yenu. Msiiguse, msiichome, msiulize ndani yake kuna jina la nani. Karatasi ya munganga ipite bariere bila kulipa.

Na sisi vijana je? Tunajifunga pia, mbele yenu. Kila eneo ambalo tuko na wenzetu, tutasaidia kuandika ubao siku ya posho ya kwanza ya kila mwezi, pamoja na munganga na Codesa. Tutawakumbusha wazazi kama mtoto anaandikwa kwa serikali bila malipo ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na tutaandamana nao pale wanapoombwa makuta. Na kuanzia leo, tangazo letu lolote lenye hesabu litasema ile hesabu ilitoka wapi na nani aliihesabu. Mkitukuta tumedanganya, mtuseme hadharani.

Wandugu, tunajua kama ubao hautibu malaria. Hesabu hailiwi, na haizuii risasi. Kuko mama atakayesoma haya na kusema: "Watoto wangu hawa, mimi nataka dawa, ninyi mnaniletea chaki." Mama yuko na haki. Lakini mama, ile dawa ilikosekana siku kumi, na mtu anayepaswa kuileta anaweza kusema leo kama hakujua. Tunataka asiweze tena kusema hivyo.

Mwisho wa mwezi huu munganga atakaa tena na rejista, na karatasi itapanda tena pikipiki. Tutaiangalia ikienda. Na mwezi unaofuata tutasimama palepale kwenye barabara, tukiuliza majibu yake.

Sisi vijana wananchi wa barabara ya Masisi hadi Walikale.